Gitaa likikwaruza, tupa iwe ya mwisho

Ijumaa moja baada ya alasiri mpwa wangu alinijia nyumbani na gitaa lake la umeme mgongoni, uso umemsawijika. Aliniamkia, akakaa ukumbini, wala chai hakuigusa. Nilipomuuliza kulikoni, akajibu, "Mjomba, gitaa limekufa. Nimelipeleka kwa fundi, limerudi baya zaidi."

Kijana huyu hula kwa gitaa hilo. Wiki hii yumo kwenye harusi, wiki ijayo hotelini ufuoni, na mara nyingine humsindikiza mwimbaji wa taarabu. Gitaa lilikuwa limeanza kukwaruza, yaani kila akibonyeza uzi hutoka mlio wa bati juu ya sauti yenyewe. Fundi, ambaye sitamtaja, alichukua tupa akazisugua freti na akalipwa shilingi elfu mbili na mia tano. Mlio ukazidi.

Nililikagua kwa nusu saa. Gitaa halikuwa na ugonjwa wa freti hata kidogo. Lilikuwa na ugonjwa wa mvuto wa nyuzi, na dawa yake ilikuwa kuzungusha spana ndogo robo mzunguko, mara mbili. Freti zilizosuguliwa ndizo zilizokuwa nzima, na freti iliyokwisha kusuguliwa hairudi. Ndiyo sababu nimeona niyaandike haya kwa utaratibu, ili kijana mwingine wa Mombasa, Malindi, Lamu au Kwale asilipe pesa ili aharibiwe chombo.

Kwanza tuelewane majina

Wazee wetu wa udi hawakuijua shida hii. Udi hauna freti, na hata kibangala cha kwetu hakina. Kidole ndicho kinachokata sauti. Gitaa lilipoingia kwenye taarabu, na vikundi vya Tanga kama Black Star na Lucky Star vinakumbukwa sana kwa kuliingiza lile la umeme, liliingia pamoja na vyuma vyake na matatizo ya vyuma hivyo.

Freti ni vile vijiti vya chuma vilivyopandwa kwa kukingama kwenye shingo. Unapobonyeza nyuma ya freti, uzi hugusa freti hiyo na kukatwa hapo. Ukitetema, unapaswa kupita huru juu ya freti zote zilizo mbele yake. Ukigonga mojawapo, ndio huo mkwaruzo.

Kule kichwani nyuzi hupita kwenye kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita. Hapa nitakiita kidaraja cha kichwani. Upande wa mwilini ziko kwenye daraja, na kila uzi umekaa juu ya kikalio chake kidogo kinachoweza kupandishwa na kushushwa. Ndani ya shingo, usipopaona, mna chuma kirefu ambacho mafundi hukiita trasi rodi. Kazi yake ni kushindana na mvuto wa nyuzi. Nyuzi huivuta shingo ipinde mbele, nacho huirudisha nyuma. Gitaa zima ni mizani ya wawili hawa.

Mvuto wa nyuzi ni kilo ngapi?

Watu wengi hushangaa wakiambiwa. Seti ya kawaida ya nyuzi za gitaa la umeme, ile inayoitwa "kumi" kwa kuwa uzi mwembamba kuliko wote una unene wa inchi 0.010 na mnene kuliko wote 0.046, ikikazwa kwa sauti ya kawaida kwenye gitaa la urefu wa Stratocaster (uzi wa milimita 648 kutoka kidaraja hadi kikalio), huivuta shingo kwa jumla ya kilo 47 hivi. Hiyo ni karibu mfuko mzima wa saruji ukining'inia kwenye kipande cha mbao, usiku na mchana. Seti nyepesi, ile ya "tisa" (0.009 hadi 0.042), huvuta kama kilo 38 na nusu. Gitaa la aina ya Les Paul, ambalo uzi wake ni mfupi kidogo, milimita 628 hivi, huvuta pungufu ya hapo kwa seti ile ile.

Jambo la pili ni sauti unayotunia. Ukishusha gitaa lote nusu sauti, mvuto hupungua kwa asilimia 11 hivi. Ukishusha sauti nzima, hupungua kwa karibu asilimia 21. Uzi uliolegea hufanya mambo mawili kwa pamoja. Hutetema kwa upana zaidi, kwa hiyo unahitaji nafasi kubwa zaidi juu ya freti. Na huivuta shingo kwa nguvu ndogo, kwa hiyo chuma cha ndani hushinda na shingo hunyooka kupita kiasi au hata kupinda kinyumenyume, na nafasi ile ile inayohitajika ikapungua.

Sasa rudi kwa mpwa wangu. Miezi kadhaa nyuma alikuwa na seti ya kumi. Vidole vikamuuma, akabadili akatia ya tisa. Kisha akapata mwimbaji ambaye sauti yake haifiki juu, akashusha gitaa nusu sauti. Kutoka kilo 47 akashuka hadi kama kilo 34, na chuma cha shingo hakuna aliyekigusa. Ilikuwa lazima likwaruze.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Unganisha gitaa kwenye amplifaya. Mkwaruzo unaousikia chumbani bila umeme lakini hausikiki kabisa kwenye spika aghalabu si wa kuhangaikia. Magitaa mengi yaliyotegwa chini hufanya hivyo. Vilevile tofautisha mkwaruzo na mvumo wa umeme. Mvumo unaoendelea hata nyuzi zikiwa zimenyamaza ni wa waya, tundu la kebo au umeme wa jengo, wala hauhusiani na freti.

Jiulize pia unapigaje. Mkono mzito hukwaruzisha gitaa lolote. Piga kwa nguvu yako ya kawaida ya jukwaani, kisha tembea freti moja baada ya nyingine, uzi mmoja baada ya mwingine, ukiandika panapokwaruza. Mahali penyewe ndipo panapokupa jibu:

Ukikwaruza uzi ulio wazi tu, na ukibonyeza popote unanyamaza, mfereji wa kidaraja cha kichwani umechimbika chini mno.

Ukikwaruza kuanzia freti ya 1 hadi ya 5 au hivi, shingo imenyooka mno au imepinda kinyumenyume.

Ukikwaruza kuanzia katikati kuelekea mwilini, ama shingo imepinda mbele kupita kiasi, ama vikalio viko chini.

Ukikwaruza kila mahali kwa kiasi kile kile, vikalio viko chini.

Ukikwaruza mahali pamoja tu, freti ya mbele yake imeinuka, au hiyo unayoibonyeza imelika.

Mwisho wa orodha hii ndipo tupa inapoingia. Si mwanzo.

Vifaa unavyohitaji

Si vingi. Bisibisi ndogo, spana za Allen za saizi mbalimbali, na programu ya simu ya kupimia sauti. Kwa vipimo vyembamba, azima kwa fundi wa magari vile vibamba vya chuma anavyopimia mwanya wa plagi. Ukivikosa, karatasi ya kawaida ya fotokopi ina unene wa kama milimita 0.1, na kadi ya benki ni milimita 0.76, kwa hiyo kadi mbili ni milimita 1.5. Vinatosha kuanzia.

Hatua ya kwanza: nyuzi na sauti

Usipime gitaa lenye nyuzi zilizoota kutu. Tia seti mpya ya unene unaokusudia kuendelea nao, ukibadilisha uzi mmoja mmoja ili shingo isipoteze mvuto wote kwa mara moja. Kila uzi uzunguke kijiti chake mara mbili au tatu, ukishuka chini kwa mpangilio. Uvute taratibu kwa vidole katikati, utunie tena, urudie mpaka usishuke tena. Kisha tunia gitaa kwa sauti ile ile utakayopigia. Kama utashusha nusu sauti jukwaani, lishushe sasa, kabla ya kupima. Hapa ndipo wengi hukosea.

Uzi ukitoa mlio wa "tik" kichwani unapoutunia, unang'ang'ania kwenye mfereji wake. Sugua kaa la penseli ndani ya mfereji.

Hatua ya pili: mpindo wa shingo

Shingo haitakiwi kunyooka kama rula. Inatakiwa ipinde mbele kidogo sana, kwa sababu uzi unaotetema hupanuka zaidi katikati yake.

Shika gitaa kama unavyolipiga, usililaze chali. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene, kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwenye freti ya mwisho karibu na mwili kwa mkono wa pili. Uzi sasa ndio rula yako. Mwambie mwenzako aangalie freti ya 7 au ya 8, kati ya chini ya uzi na juu ya freti. Mwanya uwe kama milimita 0.25. Karatasi mbili zipite, tatu zianze kubana.

Uzi ukiwa umelala juu ya freti bila mwanya wowote, shingo imenyooka mno. Legeza chuma cha ndani kwa kuzungusha nati yake kinyume cha saa. Mwanya ukiwa mkubwa, kaza kwa kuzungusha kama saa. Nati hiyo huwa ama kichwani chini ya kifuniko kidogo, ama upande wa mwilini shingo inapoishia.

Sheria zake ni tatu, na usizivunje. Robo mzunguko kwa mara moja, kisha tunia tena na upime tena. Spana iwe saizi yake hasa, kwani ikicheza itaikwangua nati, nawe utabaki na shingo isiyorekebishika. Na nati ikigoma, acha. Chuma hicho kikikatika ndani ya mbao, ukarabati wake huenda ukashinda bei ya gitaa lenyewe. Haraka haraka haina baraka, na hapa haina hata gitaa.

Ruhusu shingo itulie. Mbao haitii papo hapo. Ilale na mvuto wake usiku mmoja, uipime tena asubuhi.

Hatua ya tatu: kimo cha nyuzi

Sasa nenda kwenye daraja. Bila kubonyeza kitu, pima kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Mahali pazuri pa kuanzia ni milimita 2 kwa uzi mnene na milimita 1.5 kwa uzi mwembamba, na wale wa kati wapande ngazi kwa ngazi. Kwa kadi zetu, kadi mbili chini ya uzi mwembamba, na kadi mbili pamoja na karatasi tano chini ya uzi mnene.

Kwenye daraja la aina ya Stratocaster kila kikalio kina viskrubu viwili vidogo vya kukipandisha. Kwenye lile la aina ya Les Paul, daraja zima hupanda kwa magurudumu mawili ya pembeni. Legeza uzi kidogo kabla ya kupandisha, ili usile nyuzi za skrubu, kisha tunia upya.

Ukiwa na mkono mzito au umeshusha sauti, ongeza kidogo. Hakuna aibu kupiga gitaa lenye nyuzi zilizo juu kidogo. Linaimba vizuri zaidi.

Daraja likiwa la kuelea, lile lenye mkono wa kutikisia sauti, kumbuka kwamba springi za nyuma zinashindana na nyuzi. Ukitia nyuzi nyepesi, springi hushinda, daraja hulala nyuma na vikalio hushuka, mkwaruzo ukaanza. Fungua kifuniko cha nyuma na ulegeze kidogo skrubu mbili zinazoshika springi mpaka daraja lirudi mahali pake. Ukitia nyuzi nzito, fanya kinyume chake. Fanya haya kabla ya kupandisha vikalio.

Hatua ya nne: kichwani, na mambo madogo

Bonyeza kila uzi kwenye freti ya 3 na utazame juu ya freti ya kwanza. Panatakiwa pabaki mwanya mwembamba mno, wa kama nusu ya karatasi. Uzi ukilala kabisa juu ya freti, mfereji umelika. Wapo wanaojaza mfereji kwa chembe za bekingi soda, ule unga wa jikoni, kisha tone la gundi kali ya papo hapo, wakauchonga upya ukishakauka. Inasaidia kwa muda, lakini kidaraja kipya ndicho tiba.

Angalia pia pikapu, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, si gari la mizigo. Ikiwa juu mno, sumaku huuvuta uzi mnene na kuutetemesha ovyo, na sauti huyumba kwenye freti za juu hata usijue ipi ni noti yenyewe. Ishushe kwa skrubu zake mbili usikie tofauti. Mwisho, kagua skrubu za vikazio vya kichwani na za vikalio. Skrubu iliyolegea hutoa mlio unaofanana kabisa na wa freti.

Hatua ya tano: usahihi wa noti

Ukishagusa mpindo na kimo, noti nazo husogea. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate ile sauti ya kengele, kisha bonyeza hapo hapo upate noti. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza kikalio nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Hatua hii huwa ya mwisho daima.

Freti yenyewe, na maswali ya kumuuliza fundi

Iwapo umefika hapa na bado panakwaruza mahali pamoja, chukua kitu kilichonyooka, kama ukingo wa kadi ya benki iliyokatwa, ukilaze juu ya freti tatu kwa pamoja. Kikiyumba kama meza ya kilabuni, freti ya katikati imeinuka. Ibonyeze ncha yake kwa kidole cha gumba. Ikishuka, imelegea kwenye mtaro wake, na huenda ikatosha kuigonga taratibu na kuitia gundi. Isiposhuka, hapo ndipo kazi ya tupa ilipo, nayo si kazi ya kusugua tu. Freti husawazishwa kwa ubao ulionyooka wenye msasa, shingo ikiwa imenyooshwa kwanza, kisha kila freti hurudishiwa mgongo wake wa mviringo na kung'arishwa.

Freti mpya huwa na kimo cha kama milimita 1 hadi 1.4. Kila usawazishaji hula sehemu ya hicho. Bandu bandu humaliza gogo.

Kwa hiyo kabla fundi hajagusa, muulize mambo matatu. Umepima mpindo wa shingo, na ulikuwa ngapi? Ni freti ipi hasa iliyoinuka, nionyeshe? Ukishasawazisha, utairudishia mgongo wake? Fundi wa kweli atafurahi kuulizwa. Anayekasirika, beba gitaa lako uende.

Chumvi yetu na joto letu

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada. Upepo wa bahari una chumvi, hewa ina unyevu, na jasho la harusini halikauki. Nyuzi hupata kutu upesi, viskrubu vya vikalio hugandamana, na mbao hunywa maji na kuyatoa kadiri misimu inavyobadilika. Gitaa lililotegwa masika huenda likakwaruza kaskazi ikivuma, na la Mombasa likipandishwa Nairobi kwa wiki mbili hubadilika vilevile. Hilo si hitilafu. Pima tena, robo mzunguko basi.

Pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, juu na chini. Tia tone la mafuta ya cherehani kwenye viskrubu vya daraja mara moja moja. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, usivitupe, vitie kwenye mfuko wa gitaa. Na kamwe usiliache garini juani.

Tulivyomaliza

Tulilegeza chuma robo mzunguko, tukangoja, tukaongeza robo nyingine asubuhi yake. Tukapandisha vikalio kidogo. Kwa kuwa freti kadhaa zimeshaliwa na tupa, tulilazimika kuweka nyuzi juu zaidi ya vile tungependa, na siku moja, mapema kuliko ilivyopasa, zitahitaji kung'olewa na kupandwa mpya. Hiyo ni gharama atakayoibeba yeye, si aliyezisugua.

Jumamosi ile alikwenda harusini na gitaa lile lile. Kabla hajaondoka nilimwandikia kwenye kipande cha karatasi: unene wa nyuzi, sauti anayotunia, mpindo wa shingo, kimo kwenye freti ya 12. Nikamwambia akiweke ndani ya mfuko. Siku atakapobadili kimojawapo cha hivyo vinne, ajue vile vitatu vilivyobaki navyo vitahitaji kupimwa upya. Nawe ukiwa na gitaa, andika chako leo kabla halijaanza kukwaruza.